Mpira wa sentimita 55 na Bi Mkubwa aliyetaka kurudi kwenye mswala

Naandika kisa hiki cha mazoezi ya balansi kwa mpira mkubwa wa kukalia, kwa wenzangu tunaofanya fiziotherapia, hasa wanaoanza kazi, na pia kwa yeyote mwenye mama au bibi nyumbani ambaye siku hizi akitembea anagusagusa ukuta. Ni mtu mmoja tu, kwa hiyo usichukue namba zake ukampimia mtu mwingine, ila makosa tuliyofanya naona yanajirudia sana ndo maana nayaanika. Jina, mji na vitu vingine vya kumtambulisha nimeviondoa. Mwenyewe aliridhia, akaniomba tu nisiandike neno alilolitamka siku alipodondoka kwenye mpira, na sitaliandika. Nitamwita Bi Mkubwa.

Alikotoka

Miaka 64, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi pwani na mwanawe wa kiume, mkamwana na wajukuu watatu. Ana kisukari kinachoenda kwa vidonge, na presha aliyoianzia dawa zamani kidogo. Kabla ya haya yote alikuwa mtu wa kujishughulisha, alfajiri anakuna nazi mwenyewe kwenye mbuzi, anapika vitumbua vya kuuza barazani, saa nne kashamaliza biashara.

Mara ya kwanza alianguka usiku wa manane, umeme umekatika, katoka kitandani haraka kwenda msalani, kufika kwenye korido anasema "nikaona dunia inaniacha" akaenda chini kwa ubavu. Mara ya pili ilikuwa kama miezi minne baadaye, mchana kweupe, anashuka ngazi ya baraza na ndala iliyoisha soli upande mmoja. Hapo alijizuia na mkono wa kulia, kifundo kikavimba wiki mbili, picha ikaonyesha mfupa mzima.

Kilichomuumiza zaidi kilikuja baada ya hapo, nacho ni woga. Akaacha mbuzi kwa sababu kuinuka pale chini kulimtisha, akaacha kwenda sokoni, akaanza kusali kwenye kiti cha plastiki. Na hii ndo hesabu mbaya ya kuanguka, mtu anaogopa kwa hiyo anakaa, anakaa kwa hiyo miguu inapungua nguvu, miguu ikipungua anaanguka kirahisi zaidi kuliko mwanzo. Nilipomuuliza anataka nini kutoka kwangu hakusema kuimarisha misuli wala nini, alisema "mwanangu, nataka nisujudu chini kama watu". Hilo ndo likawa lengo letu, nikaliandika juu kabisa ya faili.

Mpira haukuwa wazo langu. Mwanawe mwingine anafanya kazi Muscat, aliona video ya wazee wanakalia mpira mkubwa, akanunua akautuma. Siku naingia pale nyumbani upo tayari sebuleni, wa sentimita 75, wajukuu wanaupiga chenga. Nikaambiwa mpira tunao, tuonyeshe tu namna ya kuutumia.

Nilivyompima

Nilitumia vipimo vya kawaida ambavyo havihitaji mashine, saa ya simu na kiti tu. Cha kwanza, kuinuka kwenye kiti, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa, alitumia sekunde 16, na kwa kawaida mtu akifika sekunde 12 au zaidi tunaanza kumhesabu kwenye hatari ya kuanguka. Cha pili, kukaa na kusimama kwa sekunde 30 mikono imefungwa kifuani, alifanya mara 8, na kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64 chini ya mara 12 ni pungufu. Kusimama mguu mmoja, kulia sekunde 4, kushoto 2. Akifumba macho hali amesimama miguu pamoja anayumba mpaka mkamwana anasogea bila kuambiwa.

Nyayo nilizipima hisia kwa ule uzi mgumu unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, tunaoutumia kwa watu wa sukari. Mguu wa kushoto, chini ya kidole gumba na pembeni yake, hakuusikia. Hili lishike, litarudi huko chini.

Kuna kitu ningepaswa kufanya siku hiyohiyo sikufanya, nikakifanya ziara ya pili, kumpima presha akiwa amelala na kisha akiwa amesimama. Nilichelewa kwa sababu zisizo na maana, mkoba wa kipimo niliuacha kliniki na nikajisemea wiki ijayo. Ilipokuja, amelala 148 kwa 86, dakika moja baada ya kusimama 121 kwa 78, na anasema kichwa chepesi. Namba ya juu ya presha ikishuka 20 au zaidi mtu anaposimama hiyo si ya kufumbia macho, na hapa imeshuka 27. Ule usiku wa korido ukaanza kueleweka. Nikaandika barua kwa daktari wake, yeye ndo akapanga upya dawa, mimi hapo sina mamlaka na sikutia mkono.

Kwa nini nilikubali mpira

Ukweli ni kwamba kwa mtu wa namna hii ningeanza na kiti na ukingo wa sinki la jikoni, basi. Lakini nilikubali mpira na sababu zangu zilikuwa hizi. Mgongo wake ulikuwa umekakamaa, anatembea kama amemeza ufito, na mpira ni mzuri sana kwa kulegeza kiuno kwa sababu ukikaa juu yake hauwezi kutulia kabisa, kila sekunde unatafuta katikati yako, misuli ya ndani ya kiwiliwili inafanya kazi bila mtu kubeba kitu kizito. Nazungumzia ule msuli mpana unaozunguka tumbo kama mkanda, ile midogo inayoshika pingili za mgongo moja moja, kiwambo cha kupumulia huko juu na sakafu ya nyonga huko chini. Pili, mwanawe katuma kwa mapenzi na Bi Mkubwa alikuwa na hamu nao, na mtu mwenye hamu anafanya mazoezi, asiye na hamu anakudanganya kwamba kafanya. Tatu, na hii naikiri, niliona ni kitu kitakachonipa matokeo ya kuonekana haraka.

Watu wanadhani huu mpira ni wa jimu. Ulitengenezwa Italia na Aquilino Cosani mwaka 1963, wa kwanza kuutumia kwa tiba walikuwa Mary Quinton, mfizio Mwingereza aliyekuwa Uswisi akihudumia watoto wachanga, na Susanne Klein-Vogelbach kule Basel akautumia kwa watu wazima. Yaani tangu mwanzo ulikuwa mpira wa mgonjwa na mtaalamu amesimama pembeni, mkono uko tayari. Hiyo sehemu ya mkono uko tayari ndo inayopotea ukiuona kwenye video ya dakika moja.

Kuutafuta mpira sahihi

Ule wa 75 tuliurudisha kwa wajukuu. Bi Mkubwa ana urefu wa mita 1.58, akiukalia visigino vinaning'inia, na mtu ambaye nyayo hazijakanyaga vizuri huwezi kumfundisha balansi. Kwa mtu wa kati ya mita 1.55 na 1.70 hivi, wa 55 ndo unaomfaa, ila usiamini karatasi sana, mkalishe uangalie. Nyonga ziwe usawa wa magoti au juu kidogo, nyayo zimelala zote. Tulipata wa 55 unaosema haupasuki ghafla, maana yake ukichomwa unatoa upepo taratibu badala ya kulipuka, tukaujaza nusu na zaidi, tukauacha ulale mpaka kesho yake ndo tukamalizia, kwa sababu ukiwa mpya plastiki inahitaji kutanuka. Kipimo tuliweka alama ya penseli ukutani kwenye sentimita 55 na tukashika rula juu ya mpira.

Kuna ujanja mmoja hapa ambao wengi hawaujui. Mpira uliojaa mpaka ukawa mgumu unagusa sakafu sehemu ndogo, unateleza kila upande. Ukipunguza upepo kidogo unakaa kama tumbo, unagusa sehemu kubwa, unatulia. Kwa hiyo anayeanza mpe uliolegea kidogo, akizoea ongeza upepo, ni kama kuongeza uzito bila kununua uzito. Na joto letu la pwani nalo lina mambo yake, ukiuacha juani mchana unavimba, usiku umelegea, kwa hiyo upime kwa saa ileile na uuweke mbali na jiko la mkaa.

Sakafu ilikuwa ya marumaru. Mkeka juu ya marumaru unateleza, tukaondoa. Tukatafuta lile zulia la mpira la mlangoni linaloshika chini, tukaliweka kwenye kona ya sebule, mpira ukakaa pale konani ili nyuma na upande mmoja pawe na ukuta, mbele kiti kizito cha mbao cha kushika. Mkamwana nilimfundisha pa kuweka mikono, yaani pembeni za nyonga kutokea nyuma, asimvute mkono. Mimi mwanaume, Bi Mkubwa hakutaka nimshike nyonga na hakuwa na haja ya kunieleza, kwa hiyo mkamwana ndo alikuwa mikono yangu na ikawa heri maana ndo anayebaki naye siku zote.

Wiki tatu za mwanzo

Tulianza na kukaa tu. Mikono magotini, anapumua, anahesabu mpaka thelathini. Halafu kuzungusha kiuno duara dogo, kulia, kushoto, mbele na nyuma. Siku ya kwanza ya hilo zoezi akaniangalia akacheka, "hivi hiki si ndo tulichofundishwa unyagoni? Na nyie mnalipwa?" Mkamwana akakimbilia jikoni. Lakini kiuno kilifunguka siku ileile, kitu ambacho kwa mazoezi ya kulala kitandani kingenichukua wiki mbili.

Baadaye kunyanyua visigino kwa zamu kama anatembea amekaa, kisha kunyanyua mguu mmoja sekunde 5 huku kiti kiko mbele. Akilala chini kwenye godoro jembamba, mashavu ya miguu yamelala juu ya mpira, ananyanyua makalio kidogo anashusha. Na lile la kulala chali, mpira umebanwa kati ya kiganja cha kulia na goti la kushoto, mkono na mguu mwingine vinanyooka taratibu. Yeye aliliita mende kafa chali na jina likabaki. Zote hizo dakika 20, mara tatu kwa wiki, mbili nikiwepo.

Nilikataa vitu viwili. Kunyanyuka tumbo kwa kujikunja juu ya mpira nilikataa kwa sababu unaukunja mgongo chini ya mzigo mara nyingi na yeye hana sababu ya kufanya hivyo. Na mwanawe wa Muscat alitaka mpira uwe ndo kiti chake siku nzima, nikasema hapana, hauna mgongo wa kuegemea, mtu akichoka anajikunja vilevile kama kwenye kiti, tofauti ni kwamba huku anaweza kuviringika.

Siku ya dera

Wiki ya tatu, siku ambayo sikuwepo. Bi Mkubwa katoka kusali, kavaa dera, lile pana la kutupia tu, akamwambia mkamwana twende mazoezi. Siku zote nikiwepo alikuwa anavaa suruali ya kitambaa ndani na kanga kiunoni, mimi sikuwahi kuuliza anavaa nini nisipokuwepo, wala sikusema kwamba nguo ni sehemu ya zoezi.

Akakaa. Dera likatandaza pande zote likafunika mpira kama kawa juu ya sahani. Alipozungusha kiuno kwenda mbele mpira ukaviringika ukakanyaga pindo la dera, sasa mpira unataka kurudi nyuma, dera limebanwa chini linamvuta mbele, na mikono yake iko magotini badala ya kwenye kiti. Mkamwana alikuwa anaongea na mtoto mlangoni, sekunde moja tu. Bi Mkubwa akateremka mbele akakaa kitako kwenye lile zulia, puu, akatamka lile neno. Mpira wenyewe ukagonga ukuta ukarudi ukamgusa mgongoni.

Hakuumia, alama ya bluu kwenye paja basi. Lakini nilipofika siku ya pili yake alikuwa amekaa kitandani na kiti cha plastiki kimeshasogezwa karibu na mswala tena. Kile kidogo alichokuwa amerudisha cha kujiamini kilikuwa kimekwenda. Nilimwomba radhi, kwa sababu lilikuwa kosa langu, yeye hakuwa na la kujilaumu. Tukakubaliana suruali na fulana ya kubana kidogo, miguu peku, mkamwana hashiki simu wala mtoto, na wiki nzima hamna mpira.

Wiki ya nne, namba zikanisuta

Ile wiki ya kupumzika mpira ndo nikampima tena. Kwenye mpira alikuwa hodari, siku moja kabla ya dera alinyanyua mguu sekunde 20 bila kugusa kiti, mgongo umenyooka, mi nikajiona fundi. Sasa nikamsimamisha. Mguu wa kulia sekunde 5. Wa kushoto 2. Ile ya kutembea mita 3 sekunde 15 na nusu. Kukaa na kusimama mara 9.

Yaani wiki tatu za jasho na kusimama kumebaki palepale. Nilitembea mpaka kituo cha daladala nikiwaza hili jambo.

Ukiketi kwenye mpira, anayefanya kazi ni kiuno na mgongo, nyayo zipo ila zimeegeshwa tu, kifundo cha mguu hakipigi kelele. Ukisimama mambo yanageuka, mwili ukianza kuyumba wa kwanza kujibu ni kifundo cha mguu, kinasoma kupitia ngozi ya unyayo, halafu misuli ya pembeni ya nyonga inazuia usiende upande. Sasa Bi Mkubwa unyayo wa kushoto una ganzi, na nyonga zimelala kwa miezi ya kukaa kwenye kiti. Nilikuwa nafundisha sehemu ambayo haikuwa mbovu zaidi. Macho, sikio la ndani na nyayo ndo vitu vitatu vinavyoulisha ubongo habari za balansi, yeye kimoja kimepungua, usiku wa giza kinaondoka cha pili, na presha ikishuka ubongo wenyewe unabaki na damu kidogo.

Tulichobadilisha

Mpira ulirudi ila kwa dakika 8 hadi 10 tu mwanzoni, kama wa kupasha mwili. Muda uliobaki wote ni wa kusimama, ameshika ukingo wa sinki. Kisigino mbele ya vidole, mguu mbele ya mguu, akishika kwa mikono miwili, kisha mmoja, kisha vidole viwili, kisha hashiki ila mikono iko juu ya sinki. Kutembea kwa upande kama kaa kutoka kwenye jiko mpaka mlangoni. Kugeuza kichwa kulia na kushoto amesimama. Kukaa na kusimama kwenye kiti cha mbao, seti mbili za mara 6, tukaongeza.

Mpira tuliutafutia kazi mbili mpya ambazo nadhani ndo zilikuwa na faida kubwa kuliko zote. Ya kwanza, mpira kati ya mgongo na ukuta, anakunja magoti kidogo anashuka, anapanda, mpira unaviringika naye. Amesimama, anabeba uzito wake kwa miguu, ila mgongo una pa kuegemea kwa hiyo haogopi. Alianza na mara 5, kushuka kama anataka kukaa kwenye meza, hakuna zaidi.

Ya pili niliitoa kwenye lengo lake mwenyewe. Anapiga magoti kwenye godoro, viganja juu ya mpira mbele yake, anausukuma uende mbele mpaka mgongo umenyooka na kichwa kimeshuka, anaurudisha. Ukiangalia ni nusu ya sijda. Wiki hadi wiki tukatoa upepo, mpira ukawa mfupi zaidi, kisha tukaweka mto, mwisho sakafu. Na kuinuka tulikufanyia mazoezi peke yake, goti moja juu, mkono kwenye kiti, sukuma. Kwa sababu ya ile presha nilimwambia akitoka chini atulie kwanza pale kwenye kikao, apumue mara mbili tatu, ndo anyanyuke. Akanijibu kwamba kutulia ndo sala yenyewe, ni vijana ndo wanadonoa kama kuku.

Nyumbani napo palibadilika. Ndala zilitupwa, taa ya betri inayowaka yenyewe ikawekwa kwenye korido, zulia la mpira bafuni, na akitoka kitandani usiku anakaa ukingoni kwanza anachezesha visigino. Daktari wake alikuwa ameshapanga dawa upya, baada ya wiki mbili nilipopima tofauti ya kulala na kusimama ilikuwa 9.

Wiki ya saba Ramadhani ikaingia. Daktari alimruhusu kufunga kwa masharti, lakini mazoezi ya mchana kwa mtu mwenye sukari aliyefunga sikuyataka, tukayahamishia usiku baada ya futari kushuka, na ziara zangu zikawa moja kwa wiki. Nilidhani tutarudi nyuma.

Matokeo

Hatukurudi. Wiki ya kumi na mbili kutembea mita 3 na kurudi sekunde 11, kukaa na kusimama mara 13, mguu wa kulia sekunde 12, wa kushoto 7. Hajaanguka tangu ile siku ya dera, ingawa mara moja aliyumba msalani akajishika mwenyewe. Idd alisali Alfajiri kwenye mswala, kiti kipo pembeni ila hakukigusa. Mkamwana ndo aliyenipigia simu kunieleza, Bi Mkubwa alikuwa ana shughuli na pilau.

Uchambuzi

Swali ninaloulizwa na familia nyingine zilizosikia habari hii ni mpira gani ule na unauzwa wapi, na hapo ndo ninapopata shida. Sina uhakika mpira ulizuia anguko hata moja. Kwa mpigo mmoja tulibadilisha dawa za presha, taa, ndala, nguvu za miguu na mazoezi ya kusimama. Ukinilazimisha nikuwekee kwa mpangilio, mi ningeanza na presha na taa, kwa sababu anguko la kwanza lilikuwa la usiku na la kuinuka haraka, na hivyo viwili vinaeleza karibu lote. Baada ya hapo miguu na kusimama. Mpira ningeuweka wa nne. Mapitio makubwa ya 2019 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kuchambua tafiti za afya, yalikuta mazoezi yanapunguza idadi ya maanguko kwa wazee wanaoishi majumbani kwa takriban 23%, na yanayobeba mzigo huo zaidi ni ya balansi na ya shughuli za kila siku, kuinuka, kugeuka, kupanda. Ndicho tulichokiona hapa, ila kwa kuchelewa wiki nne.

Lakini siutupi mpira. Ulifanya kitu ambacho sinki halikuweza, ulimfanya acheke na ulifungua mgongo. Na ule wa ukutani na wa nusu sijda ulikuwa daraja zuri kati ya mtu anayeogopa na sakafu. Tatizo langu lilikuwa kuuacha mpira unipangie kazi. Alipokuwa anafanya vizuri juu yake nilidhani anapona, kumbe alikuwa anakuwa bingwa wa kukalia mpira. Mwili unajifunza kile unachokifanya, na Bi Mkubwa haanguki akiwa amekaa.

Kosa la presha ndo linaloniuma zaidi kuliko la dera. Dera lilimpa alama ya bluu. Ile wiki niliyochelewesha kipimo alikuwa anaamka usiku kila siku, na mimi tayari nilikuwa nimeandika kwenye faili maneno yake ya dunia inaniacha. Nilisikia nikayaandika sikuyasoma.

Kuhusu dera, nimeshauliza wenzangu wawili watatu na hakuna hata mmoja anayeuliza habari za nguo. Tunafundishwa kwenye vyumba ambavyo watu wamevaa kaptula. Sasa hivi swali la kwanza kabla sijatoa mpira ni hili, ukiwa peke yako nyumbani unavaa nini, na ninataka nione nguo yenyewe. Dera, kanzu, kanga mbili, hata shuka la mzee, chochote kinachoweza kuingia chini ya mpira kinakunjwa kiunoni au kinavuliwa.

Na msaidizi. Nilimfundisha mkamwana pa kushika lakini sikumfundisha kwamba kazi yake inaanza kabla mama hajakaa na inaisha akishasimama mbali na mpira. Kukaa na kuinuka ndo hatari, katikati si sana. Ningeanza tena ningemfanyisha yeye kwanza akalie mpira, aone unavyokimbia.

Woga haukuisha kwa kuambiwa usiogope. Ulipungua siku alipoweza kwenda chini na kurudi juu peke yake, kwa sababu mtu anayejua kuinuka haogopi sana chini. Hili ningelianza wiki ya kwanza, hata kwa kushikwa.

Kilichobaki

Ganzi ya mguu wa kushoto siitegemei irudi, kwa hiyo ule upande utabaki nyuma ya mwenzake na nyayo zake zinakaguliwa kila usiku, mjukuu mkubwa ndo mwenye tochi. Mazoezi yanaendelea mara tatu kwa wiki, mpira uko juu ya kabati umefungwa kanga usidondoke, wajukuu wameshapoteza kizibo kimoja tumebakiwa na kimoja. Mbuzi bado hajaikalia. Ni fupi kuliko kiti chochote tulichojaribu na kuinuka kwake kunahitaji miguu iliyotanuka, kwa hiyo tumeiweka juu ya tofali mbili, na juzi alikuna nusu ya nazi, mkamwana amesimama nyuma yake mikono tupu.